Krismasi, Januari au Julai: theluji mtaikuta lini?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Lubumbashi: "Nina watoto wawili, wa miaka 8 na 11. Yaya yangu (mkubwa wangu wa kuzaliwa) anaishi Liège, Ubelgiji, na anatualika Krismasi ili watoto waone theluji. Bwana yangu anasema tungoje Januari kwa sababu ndio mwezi wa baridi kali kuliko yote. Jirani naye anasema tusijisumbue na Ulaya, twende Lesotho mwezi wa 7. Nani ana haki? Na siku zipi hasa ndizo nzuri kwa theluji?"

Mama, salamu nyingi kwako na kwa nyumba nzima. Safari yenu iangukie kati ya tarehe 15 Januari na tarehe 10 Februari, na ndani yake mtenge siku tatu au nne za kupanda mahali penye kimo, maana mjini Liège penyewe theluji ni mgeni asiyelala. Shule ikikataa kuwaachia watoto, chaguo la pili ni la jirani yako: Lesotho, katikati ya Julai. Krismasi naiweka ya mwisho. Sababu zake zinafaa kueleweka, kwani ukishazishika utajichagulia tarehe mwenyewe, mwaka wowote na nchi yoyote.

Bwana yako ana haki nusu. Ni kweli Januari ni baridi kuliko Desemba katika sehemu kubwa ya Ulaya. Lakini baridi peke yake haileti theluji, na ushahidi mnao hapo nyumbani kila mwaka. Mwezi wa 6 na wa 7, alfajiri ya Lubumbashi hushuka hadi nyuzi 7 au 8. Watu wanatoa makoti sandukuni, mbabula, lile jiko la makala, inaingizwa karibu na mlango, vumbi jekundu limetanda barabarani. Na mvua? Hata tone, tangu Aprili au Mei. Mvua zinarudi Oktoba na Novemba, wakati joto limekwisha kupanda. Baridi yetu inakuja na ukavu, maji yetu yanakuja na joto, na hivyo viwili havikutani. Hata kama Julai ya Lubumbashi ingeshushwa nyuzi 20 zaidi, mngeamka na kukuta ardhi imeganda na anga ni ya samawati tupu, bila chembe moja ya theluji.

Kwa hiyo mwezi wa theluji ni ule ambao baridi na maji vinakutana juu ya kichwa chako. Na havikutani kirahisi, kwa kuwa hewa ikipoa hupoteza uwezo wa kubeba mvuke. Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ikishuka hadi sifuri, inabeba karibu gramu 5. Ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, inabaki na gramu 1 tu. Ndiyo maana theluji nyingi na nzito huanguka wakati kipimajoto kinacheza jirani na sifuri, tuseme kati ya nyuzi 5 chini yake na nyuzi 1 juu yake. Siku za baridi ya kuvunja mifupa, zile yaya anazowasimulia kwa simu, mara nyingi ni siku za jua kali na anga safi.

Watoto wakiuliza theluji ni nini, wafungulie frigo ya kugandisha na uwaonyeshe ule unga mweupe uliojijenga ukutani. Hiyo ni ndugu yake: mvuke umegeuka barafu bila kupitia kwanza kwenye maji. Mawinguni kazi ni ile ile, ila huko chembe inaelea, inakua pande sita, na kwenye nyuzi 15 hivi chini ya sifuri inatoa yale maua yenye matawi yanayochorwa kwenye kadi za Krismasi. Mvua ya mawe inayogonga mabati yetu wakati wa masika ni kitu kingine kabisa. Ile ni maji yaliyoganda tabaka juu ya tabaka ndani ya wingu la radi, na huanguka hata siku ya joto.

Sasa tuje kwenye kalenda ya kaskazini. Siku fupi kuliko zote huko ni tarehe 21 au 22 Desemba. Mtu angetegemea baridi ifike kilele siku hiyo hiyo, lakini nchi ni kama sufuria ya bukari: ukiiteremsha kwenye mbabula haipoi papo hapo. Nchi kavu inaendelea kupoteza joto wiki tatu hadi sita baada ya siku ile fupi, na bahari inachelewa zaidi. Bahari ya Kaskazini, inayopakana na Ubelgiji, mwezi wa Desemba bado ina nyuzi 9 au 10. Februari inashuka hadi 6 hivi. Upepo unaotawala huko ni wa magharibi, unatoka baharini. Ukivuma Desemba unaleta hewa iliyopashwa na maji yale, na kinachoanguka Liège ni mvua nyembamba, ya kijivu, ya kutwa nzima. Upepo wa aina hiyo hiyo ukivuma mwishoni mwa Januari unakuta bahari imepoa na ardhi imepoa, na hapo uwezekano wa theluji unapanda. Na hewa ya baridi ya kutoka mashariki, upande wa Urusi, ikiwa imeshakaa juu ya nchi kabla ya wingu la magharibi kufika, basi mambo yanakamilika: baridi imengoja, maji yamekuja.

Kuhusu Krismasi yenyewe kuna jambo ambalo watu wa Ulaya ya kati wamelijua kwa muda mrefu kiasi cha kulipa jina. Wajerumani huliita Weihnachtstauwetter, yaani kuyeyuka kwa Krismasi. Kati ya tarehe 24 na 29 Desemba hewa ya uvuguvugu kutoka Atlantiki huingia mara kwa mara na kufuta theluji iliyoanguka mwanzoni mwa mwezi. Haitokei kila mwaka. Ila kumpandisha ndege mtoto wa miaka 8 kutoka uwanja wetu wa Luano hadi Ulaya kwa kutegemea kwamba mwaka huu haitatokea, mimi sikushauri.

Halafu kuna hesabu ya akiba, na hapa ndipo wageni wengi hukosea. Theluji iliyolala chini ni kama likelemba, mfuko wa kuchangishana: kila inapoanguka mpya inaongeza kwenye mfuko, kila siku ya joto au mvua inatoa. Mahali pa chini, kama Liège, mfuko unatobolewa kila wiki na haujai kamwe, kwa hiyo kinachohesabika ni theluji iliyoanguka jana usiku. Mahali pa juu mfuko hautobolewi hadi majira ya kuchipua, kwa hiyo unajaa polepole na kufika kilele kwa kuchelewa sana. Kwenye kituo cha Weissfluhjoch, juu ya Davos nchini Uswisi, mita 2,536 kutoka usawa wa bahari, theluji imepimwa tangu 1936. Kwa kawaida inakuwa na kina kikubwa zaidi mwezi wa Aprili, wakati bondeni chini watu wanapanda maua. Kwenye vijiji vya milima ya Alpi vilivyo karibu na mita 1,000, kilele ni Februari. Basi mtu akikuambia "mwezi mzuri wa theluji ni fulani" bila kukutajia kimo, jibu lake halijakamilika.

Kimo ndicho kitu cha kwanza cha kuandika kwenye daftari la safari, kabla hata ya tarehe. Kanuni ni rahisi: kila mita 100 unazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi 0.6 hivi. Liège uko kwenye mita 70 karibu na mto Meuse. Kiasi cha kilomita 50 kutoka hapo, upande wa mashariki, kuna Signal de Botrange katika nyanda za Hautes Fagnes, mita 694, kilele cha Ubelgiji nzima. (Mwaka 1923 waliongeza kilima kidogo cha mita 6 na ngazi, ili mtu asimame kwenye mita 700 kamili. Watoto watapenda kuzipanda.) Tofauti ya kimo ni mita 620 na ushee, yaani karibu nyuzi 4. Kwa hiyo siku ambayo yaya anatazama dirishani anaona mvua na nyuzi 3, Botrange kuna nyuzi 1 chini ya sifuri na theluji inaanguka. Familia mbili zinaweza kuwa Ubelgiji siku hiyo hiyo, moja ikarudi Lubumbashi ikisema "hatukuona kitu", nyingine ikarudi na picha.

Hivi ndivyo ningepanga siku zenu. Fikeni Liège katikati ya Januari na msifunge ratiba. Kila jioni tazameni utabiri wa hali ya hewa wa Hautes Fagnes, msitazame wa Liège. Mnatafuta vitu viwili kwenye siku moja: mvua au theluji inayotarajiwa ya milimita 5 au zaidi, na halijoto isiyozidi sifuri huko juu. Milimita 1 ya maji hutoa takriban sentimita 1 ya theluji ya kawaida, kwa hiyo milimita 5 ni sentimita 5, na milimita 10 ni theluji inayofika kwenye vifundo vya miguu. Ikianguka usiku, ondokeni asubuhi hiyo hiyo kabla ya saa 2 za asubuhi. Kwanza, kufikia mchana inaweza kuwa imelegea. Pili, Wabelgiji nao wanaingoja kwa hamu, na maegesho ya pale juu hujaa mapema siku za Jumamosi na Jumapili. Siku ya kazi ni bora mara dufu. Gari la yaya liwe na matairi ya baridi. Kama halina, uliza mabasi ya kutoka Verviers au Eupen.

Ubelgiji hata hivyo haina uhakika. Majira mengine yanapita na theluji ya siku chache tu hapo juu. Kwa sababu mnatoka mbali, nunueni uhakika: usiku tatu kwenye kijiji cha Alpi, kilomita 900 hivi kutoka Liège, safari ya siku nzima kwa gari au kwa treni. Chagueni kijiji ambacho nyumba zenyewe ziko juu ya mita 1,500. Hapa soma tangazo kwa makini sana. Likiandikwa "mita 900 hadi 2,300", ile 2,300 ni kituo cha juu cha kamba za kupandisha watu, na chumba chenu kiko kwenye 900, penye matope. Mwombe mwenye nyumba akuambie kimo cha mlango wake. Val Thorens nchini Ufaransa, kwa mfano, kijiji chenyewe kiko kwenye mita 2,300. Chamonix, jina kubwa zaidi, mji wake uko kwenye mita 1,035. Vyote viwili ni vizuri, lakini kwa mtoto anayetaka kutoka mlangoni na kuzama hadi magotini, tofauti hiyo ndiyo safari yote.

Utabiri wa milimani una neno moja zaidi la kujua: kimo cha nyuzi sifuri. Ukiambiwa kiko mita 1,300, theluji itaanguka hadi kama mita 1,000, kwa kuwa chembe hushuka mita 300 hivi chini ya mstari huo kabla haijayeyuka yote. Kikiwa mita 2,200 na wingu likaja, kijiji cha mita 1,500 kitapata mvua juu ya theluji. Hilo ndilo pigo baya kuliko yote, maana usiku ikiganda inabaki sakafu ya kioo.

Bei nazo zinaunga mkono tarehe nilizokupa. Wiki ya pili na ya tatu ya Januari, baada ya Wazungu kurudi kazini na kabla ya likizo za Februari, ndizo wiki za bei nafuu katika majira yote ya theluji. Likizo za shule za Ufaransa hugawanywa kwa kanda, na zote zikijumlishwa zinachukua kama wiki nne, Februari hadi mwanzoni mwa Machi. Ukiingia humo utalipa zaidi na kupanga foleni. Faida ya kusogea kuelekea Februari ni mwanga: mwishoni mwa Desemba jua la Liège hukaa juu saa 8 tu, tarehe 10 Februari linakaribia saa 10, na watoto wanacheza wakiwa na mchana kweli.

Na kuhusu kucheza, Mama, theluji si moja. Chukua fumba la theluji iliyoanguka kwenye nyuzi 1 chini ya sifuri, ulifinye. Inakamatana, inaacha alama za vidole vyako vyote vitano, na ukifinya zaidi tone la maji linatoka pembeni. Hiyo ndiyo theluji ya mpira na ya sanamu. Viringisha donge ardhini na linajifunga lenyewe kama mkeka, linaokota hata majani. Sasa chukua theluji ya nyuzi 12 chini ya sifuri. Inapita katikati ya vidole kama unga mkavu wa mahindi, huwezi kutengeneza chochote, na ukiikanyaga inalia chini ya kiatu, sauti ya kusuguana kama wanga unaofinywa mfukoni. Wanaoteleza kwa ski, zile mbao ndefu za miguuni, wanaiabudu hiyo ya pili. Watoto wako watalia nayo, kwa kukosa mpira na kwa baridi ya vidole. Kwa hiyo usiogope kipimajoto kikisoma sifuri, ni siku yenu. Sentimita 5 zinatosha kwa vita vya mipira, 10 kwa sanamu. Kwa ubao wa kutelezea subirini 15, na mtafute mteremko mfupi unaoishia kwenye uwanja tambarare, usioishia kwenye mti, ua au barabara. Na maziwa yaliyoganda msiyakanyage, hata mkiona nyayo za wengine. Barafu ya kumbeba mtu inataka angalau sentimita 10 za barafu ngumu, angavu, na Ubelgiji haiifikii kila mwaka.

Kama shule itashikilia likizo zake tu, basi mna madirisha matatu. Krismasi: nendeni Liège kwa ajili ya yaya, na mkitaka theluji fungeni safari ya kijiji kilicho juu ya mita 1,800, mkijua kwamba hizo ndizo siku ghali kuliko zote. Pasaka: Ubelgiji imeshamaliza, lakini juu ya mita 2,000 akiba bado ni nene. Mnacheza asubuhi, ikiwa imeganda, na kufikia saa 7 mchana inakuwa uji. Dirisha la tatu ni likizo kubwa ya Julai na Agosti, na hapo jirani yako anastahili kusikilizwa.

Lesotho ni nchi ambayo sehemu yake ya chini kabisa iko kwenye mita 1,400, juu kuliko Lubumbashi. Afriski, mahali pa kutelezea, pako kwenye mita 3,050 karibu na njia ya mlima ya Mahlasela. Kutoka Johannesburg ni mwendo wa saa 4 na nusu hadi 5 kwa gari, kupitia mpaka wa Caledonspoort na mji wa Butha-Buthe. Msimu wake ni Juni hadi mwisho wa Agosti, na wiki salama zaidi ni za Julai, kwa sababu ile ile ya sufuria ya bukari: siku fupi kuliko zote kusini ni tarehe 20 au 21 Juni, baridi inafika kilele wiki chache baadaye.

Lakini mjue mtakachokikuta. Baridi ya huko ni ndugu wa baridi yenu, ile kavu, inayoletwa na hewa nzito ya kiangazi inayokaa juu ya kusini mwa Afrika nzima, Katanga ikiwemo. Theluji ya asili inakuja pale tu baridi ya bahari ya kusini inapopenya, siku moja au mbili, kisha jua linarudi. Inaweza kuwa kubwa sana na isitabirike mwezi: Johannesburg yenyewe ilipata theluji tarehe 7 Agosti 2012 na tarehe 10 Julai 2023, na tarehe 20 na 21 Septemba 2024, wakati watu wameshaweka makoti kando, theluji ilifunga barabara kuu ya N3 kwenye njia ya Van Reenen na kunasa magari mengi. Kwa hiyo Afriski haingoji mbingu, ina mashine. Maji hupulizwa kwa hewa ya shinikizo usiku, matone yanaganda kabla hayajagusa ardhi. Na ukavu unaotunyima theluji ndio unaozisaidia mashine hizo. Ni kama mtungi wa maji unaopoa zaidi wakati wa kiangazi: tone likitoa mvuke kwenye hewa kavu, linajipoza lenyewe. Hata kipimajoto kikisoma nyuzi 1 juu ya sifuri, hewa ikiwa kavu vya kutosha, mashine inatoa theluji. Mtakuta utepe mweupe wa urefu wa kilomita moja hivi, na pande zote mbili nyasi za kahawia. Kwa watoto wenye hamu ya kuteleza unatosha kabisa. Kwa ndoto ya msitu mzima mweupe hautoshi.

Lesotho ikichaguliwa, ombeni viza ya Afrika Kusini ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa kuwa mkivuka kwenda Lesotho mnahesabiwa mmetoka. Na mvuke mpaka mchana: barabara ya juu hupita kwenye mlima wa Moteng, mita 2,820, na maji yanayovuja barabarani huganda jua likizama.

Kama siku moja mtapata mwaliko wa Kanada, huko hesabu inakuwa rahisi zaidi. Montréal hupata zaidi ya mita 2 za theluji kwa mwaka, ardhi kwa kawaida inabaki nyeupe kuanzia katikati au mwisho wa Desemba hadi Machi, na mji wa Québec hupata karibu mita 3. Ile Carnaval yao ya baridi huanguka mwishoni mwa Januari na nusu ya kwanza ya Februari. Huko Krismasi ina nafasi nzuri, ila Januari inauma. Nyuzi 20 chini ya sifuri na upepo, mtoto asiyezoea anakaa nje dakika 20 na kuingia ndani. Machi ndiyo ningewachagulia: akiba imejaa, dhoruba bado zinakuja, na jua limepata nguvu. Kuna pia miji inayovunja kanuni kwa sababu ya maji ya jirani. Buffalo, Marekani, hupigwa na theluji nzito Novemba hadi Januari, upepo baridi unapopita juu ya ziwa Erie ambalo bado halijaganda. Ziwa likishafunikwa na barafu, chanzo cha mvuke kinafungwa. Sapporo, Japani, upepo wa Siberia hunywa maji ya bahari njia nzima na kuyamwaga mjini, karibu mita 5 kwa mwaka, na tamasha lao la theluji limekuwa likifanyika mwezi wa Februari tangu 1950. Kote huko ni kisa kile kile cha baridi kukutana na maji.

Mavazi nitayagusa palipo na makosa ya kawaida. Pamba ni adui: fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, na mtoto anaanza kutetemeka ndani ya koti zuri. Nguo inayogusa ngozi iwe ya sufu au ya nailoni, katikati sweta nene au ya manyoya, juu koti na suruali zisizopitisha maji. Hapo katikati na juu mitumba ya Lubumbashi inatosha kabisa ukianza kutafuta mapema. Buti zizidi mguu kwa namba moja, ili hewa ikae kuzunguka vidole. Ukimvalisha soksi mbili kwenye kiatu kinachobana, damu haipiti na mguu unaganda haraka kuliko ukiwa na soksi moja. Glavu ziwe zile za vidole vinne pamoja, jozi mbili kwa kila mtoto, kwa sababu jozi ya kwanza italowa ndani ya nusu saa. Mpake mafuta mazito usoni na midomoni. Siku ya jua lazima miwani, maana theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mionzi inayochoma macho. Ukiona ncha ya kidole au ya sikio imepoteza rangi yake na mtoto anasema haisikii, ingieni ndani na muipashe kwenye kwapa au maji ya vuguvugu. Msiisugue, na msiisogeze kwenye moto. Na chumba cha milimani kikiwa baridi, asitokee mtu akafikiria kuwasha makala ndani kwa mazoea ya nyumbani. Nyumba hizo zimezibwa kila upenyo, na moshi wa makala usioonekana unaua watu usingizini.

Makaratasi yahesabu kwa kurudi nyuma. Ombi la viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia Ubelgiji, Ufaransa na Uswisi, hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kufika 45. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa kila mmoja wa watoto wako, kwa kuwa wote wako kati ya miaka 6 na 11. Bima ya safari ifikie euro 30,000. Yaya ajaze hati ya Kibelgiji ya kuahidi kuwagharamia wageni, ile iitwayo annexe 3bis, na aipeleke kwenye komini yake kuthibitishwa, kisha aitume yenyewe. Kama bwana yako anabaki, aandike kibali chake cha watoto kusafiri na kithibitishwe. Kadi za homa ya manjano ziwe mkononi. Kwa kuondoka tarehe 17 Januari, faili liwe limekabidhiwa katikati ya Oktoba. Na barua ya kumwomba mkuu wa shule siku zile za Januari ipelekeni Septemba, wiki ya kwanza darasa linapofunguliwa, kabla kalenda ya mitihani haijabandikwa ukutani.